Mtu Asiye na Shamba

Mtani alikuwa akija na kigoda chake. Kilikuwa cha miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa, naye alikibeba kwapani kama wengine wabebavyo jogoo wa kwenda kuuza. Ukimkaribisha kiti alishukuru, kisha akakaa juu ya kigoda chake. Ukimletea maji alikunywa. Ukimletea pombe ya uwele kabla shauri halijaisha, alikuuliza kama shida yako ni kumlaza usingizi. Utotoni nilidhani ni maringo ya kizee. Sasa nami mvi zimeingia, nimeelewa kwamba hakutaka kutoka kwa mtu akiwa na deni lolote, hata la makalio.

Kijiji chetu kilikuwa mashariki ya mji wa Dodoma. Leo ni mtaa ndani ya Jiji, na jina lake naliacha, kwa sababu kesi nitakayoisimulia ingali hai na wahusika wote tunasalimiana. Tulihamia pale mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, miaka ile Mwalimu Nyerere alipokuwa akifyatua matofali na wanakijiji wa Chamwino. Nilikuwa na miaka kumi. Tuliacha tembe la babu likiwa wazi juu, maana mihimili tuliibeba, na tukakuta makazi mapya yamepangwa kwa mstari kama darasa.

Mtani tulimkuta huko. Alikuwa Mnyamwezi, mtu wa genge la reli, aliyeletwa na kazi ya kunyoosha mataruma kutoka upande wa Tabora. Alipostaafu hakurudi kwao. Mke alikuwa amekwisha kufa, na hapa hakuwa na mtoto wala shemeji. Kijiji kilimkatia mahali pa nyumba na bustani ya nyanya. Shamba alilikataa, akisema mkono wake umezoea sululu, jembe haulijui. Sidhani kama alisema kweli. Nyanya zake ziliwashinda watu wengi waliozaliwa na jembe mkononi.

Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakipita Ugogo na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na watemi wetu waliwatoza hongo kwa kupita na kwa maji ya kunywa. Wakati huo hongo ilikuwa ushuru halali, watu wakiulipa huku wakitukana. Baadaye neno likachafuka. Kwa sababu ya utani huo mzee yule hatukumwita jina lake, tulimwita Mtani tu, na yeye akatuita wezi wa maji. Msibani ndiye aliyezuia jeneza mpaka alipwe, na ndiye aliyemwambia mfiwa tajiri kwamba marehemu alikuwa na njaa. Ndugu wa damu hathubutu kusema hivyo. Mtani husema, na watu hucheka.

Sikumbuki siku aliyochaguliwa kuwa mwamuzi. Nadhani hakuchaguliwa. Kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, ambaye kila neno lilianzia kwake. Kulikuwa na mwenyekiti wa kijiji. Na mbali kidogo kulikuwa na Mahakama ya Mwanzo. Watemi walikuwa wamekwisha ondolewa mwaka 1963, serikali ilipofuta utawala wa machifu, ingawa wazee wetu walimtaja Mtemi Mazengo wa Mvumi kama mtu aliyetoka nje kidogo na atarudi sasa hivi. Katikati ya ngazi hizo zote, watu walikwenda kwa Mtani. Walikwenda hasa pale balozi alipokuwa na mkono ndani ya jambo.

Ndivyo ilivyokuwa Aprili 1976. Mtama ulikuwa umetoa masuke. Mzee mmoja, tumwite mzee wa juu kwa kuwa shamba lake lilikuwa juu ya mteremko, alikuwa na ng'ombe wengi. Wa chini yake alikuwa mkulima hasa. Usiku mmoja ng'ombe walivunja ua wa miiba, wakashuka, na kulipokucha robo ya mtama wa mzee wa chini ilikuwa imelala. Mzee wa chini alichukua sime. Mwenzake alisema mtama ule umepandwa juu ya mapito ya mifugo yake, na kwamba mpaka uliowekwa wakati wa operesheni ulipimwa kwa hatua za kijana mlevi. Hilo la pili lilikuwa kweli. Kijana yule tulimfahamu.

Balozi alijitoa. Alisimama mbele ya watu akasema, "Mimi nimeoa kwa mzee wa chini. Nikisema neno hapa mtasema ni neno la mke wangu." Halafu akaketi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nililiona ni jambo dogo.

Mtani hakuwaita barazani siku hiyo. Kesho yake alfajiri alikwenda shambani peke yake, sisi watoto tukimfuata kwa mbali. Alikaa juu ya kigoda chake pale ng'ombe walipopita, akatazama kwato zinakotoka na zinakokwenda. Alifuata nyayo mpaka kisimani. Jua lilipopanda ndipo aliwaita wazee wawili, akawatembeza mpaka wote, mmoja kulia kwake na mwingine kushoto, bila kuwauliza chochote. Baba yangu, aliyekuwa na shamba jirani, alisema baadaye kwamba matembezi yale yaliwachosha kuliko maneno.

Baraza lilikaa chini ya mbuyu. Wanaume walikaa. Wanawake walisimama nyuma, karibu na mitungi, na miongoni mwao alikuwa binti wa mzee wa chini, wa umri wangu, aliyekuwa akigawa maji. Kila mzee alisema mpaka akaishiwa, na aliyekatiza alitozwa utani mbaya sana ambao siwezi kuuandika hapa. Kisha Mtani akatoa neno. Mzee wa juu atalipa debe tatu za mtama wakati wa mavuno, maana ng'ombe wamekula na hakuna anayebisha. Mzee wa chini atatoa njia ya hatua nne pembeni mwa shamba lake, kutoka juu mpaka kisimani, maana ng'ombe wana kiu na kiu haisomi mpaka. Njia ipandwe minyaa pande zote mbili.

Wote wawili walinung'unika. Mtani akauliza, "Kuna aliyefurahi?" Kimya. "Basi leteni hiyo pombe."

Minyaa niliipanda mimi na vijana wengine wawili. Hatua tulipimiwa na Mtani mwenyewe, kwa miguu yake iliyopinda, na utomvu uliniingia jichoni nikashinda siku mbili sioni vizuri. Wiki moja baadaye mzee wa juu alimpelekea Mtani mbuzi. Alimpa mkono, mbuzi akamrudisha. "Babu zangu waliwalipa ninyi hongo kupita nchi hii," alisema. "Nikianza kudai inirudie, mbuzi wenu hawatatosha."

Mimi nikaenda chuo cha ualimu. Nilifundisha Manyoni, nikafundisha Kondoa, nikakaa Singida miaka mingi. Mtani alifariki mwaka 1991 nikiwa mbali. Niliambiwa kwamba siku ya mazishi yake Wagogo ndio waliozuia jeneza, wakidai walipwe maji ya babu zake.

Sitaki kuiremba enzi ile. Mbuyu ule uliwahi kumnyang'anya mjane shamba kwa sababu shemeji zake walikuwa na sauti nene, na Mtani alikuwepo na alinyamaza. Mwanamke alisikilizwa kupitia kinywa cha mwanamume. Kwa hiyo sheria zilipokuja, nilizifurahia. Sheria ya Mabaraza ya Kata ilipita mwaka 1985. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu, kazi yake kusuluhisha. Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini alijua nani alilima wapi mwaka gani, na nani alimkopesha nani mbegu. Tena sheria ile iliheshimu ugawaji wa mashamba uliofanyika wakati wa kuhamia vijijini, ukiwemo ule wa kijana mlevi.

Balozi peke yake ndiye aliyepungua. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 alibaki kuwa balozi wa chama, na mtu wa chama kingine hakuona sababu ya kupeleka ugomvi wake wa mbuzi kwenye bendera ya watu. Simlaumu. Katika mambo makubwa zaidi ilikuwa hivyohivyo. Mwalimu Nyerere alipokuwa msuluhishi wa Burundi kuanzia mwaka 1996, serikali ya Pierre Buyoya haikuacha kulalamika kwamba Tanzania inaegemea upande. Alipofariki mwaka 1999 kazi ikashikwa na Nelson Mandela, mtu wa mbali kabisa na mipaka ile, na mkataba ukatiwa saini Arusha Agosti 2000. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi jambo hilo kwa kirefu, nikieleza sifa za msuluhishi. Ubaoni niliandika: asiwe na maslahi. Nilikuwa napigia mstari.

Halafu bei ya ardhi ikapanda.

Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huohuo. Kwa miaka arobaini na ushei jambo hilo lilikuwa kama mvua ya Ugogo, inatangazwa na mawingu kisha inakwenda kunyesha kwingine. Julai 2016 Rais Magufuli akasema serikali inahama, na safari hii ikahama. Mei 2017 CDA ikavunjwa na kazi zake zikapewa Manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikawa Jiji. Mtumba, ambako tulikuwa tukipita kwa baiskeli bila kukutana na mtu, pakawa Mji wa Serikali. Madalali wakajaa vijiweni kwetu wakiwa na pikipiki na futi za kupimia, na shamba la mtama likaanza kuitwa viwanja ishirini.

Kuna jambo ambalo watu wa mjini hawalifikirii. Kijiji kikigeuka mtaa, sheria ya ardhi ya vijiji inakiacha, na baraza la ardhi la kijiji linaondoka nayo. Mama yangu mdogo hakufukuzwa na mtu. Siku moja tu kiti chake hakikuwepo. Aliyebaki karibu na watu ni mwenyekiti wa mtaa, na kila karatasi ya mauziano ilipita mezani kwake kugongwa muhuri, na kila muhuri uliacha kitu mezani. Watu walikiita asilimia kumi, na hakuna aliyenionyesha sheria iliyoiandika. Anayekula katika kila mauzo atamwamuliaje muuzaji na anayepinga kuuza? Nilikuwa nikiuliza swali hilo kwa sauti, msikitini na kwenye kahawa, nikiwa mtu safi.

Mwaka 2019 nilikuwa likizo nyumbani. Wazee wa juu na wa chini walikuwa wamekwisha kufa. Watoto wa mzee wa juu hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Walikuwa wameuza viwanja na kujenga nyumba za bati la rangi. Kwa mzee wa chini alibaki yule binti aliyekuwa akigawa maji, sasa mjane mwenye wajukuu. Ugomvi ulikuwa juu ya njia ya ng'ombe. Minyaa ilikuwa imeng'olewa na greda mwaka mmoja kabla, na hatua zile nne, kutoka juu mpaka kisima ambacho nacho kimefukiwa, zilikuwa sasa na thamani ya kujenga ghorofa. Watoto wa juu walisema njia ni yao, baba yao alipewa na baraza. Mama yule alisema njia iliazimwa, haikutolewa.

Wakaniita mimi. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa nimekaa mbali, nilipanda minyaa ile kwa mikono yangu, na nilikuwa mtu pekee aliye hai aliyekaa chini ya mbuyu siku ile. Nilikubali kabla hawajamaliza kuomba. Kijana wa mzee wa juu alileta kiti cha plastiki, kipya, akakifuta vumbi kwa shati lake, nami nikakaa.

Niliendesha vizuri, kama ilivyoandikwa katika vitabu. Nilimpa kila mtu nafasi. Kisha nikatoa pendekezo ambalo niliona lina hekima: njia isiwe ya huyu wala ya yule, iwe barabara ya mtaa, ipanuliwe kidogo, watu wote wapite. Watoto wa juu walitikisa vichwa kukubali. Majirani nao. Mama yule alinitazama kwa muda, akarekebisha kanga begani.

"Mwalimu," akasema, "na kile kiwanja chako utaingilia upande gani?"

Hakuna aliyecheka. Mwaka 2017 nilikuwa nimenunua robo eka kwa mtoto wa mwisho wa mzee wa juu. Tuliandikiana nyumbani kwake usiku, mashahidi wawili, muhuri ulipatikana baadaye, na nililipa ile asilimia kumi niliyokuwa nikiihubiri. Kiwanja hakikuwa na pa kupitisha gari. Kingeipata barabara siku ileile njia ya ng'ombe ingefanywa ya mtaa. Sikuwaambia. Nilijiambia kwamba hakuna aliyeniuliza, na kwamba pendekezo zuri halibadiliki kwa sababu anayelitoa ananufaika. Sina hakika hata leo kama hilo la pili ni uongo. Lakini balozi wetu wa mwaka 1976, aliyeishia darasa la nne, alijitoa kwa sababu ya mke tu.

Nilifunga kikao kwa kusema tutaonana siku nyingine. Hatukuonana.

Walikwenda baraza la kata, na mama yule akashinda. Watoto wa juu wakakata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wakili wao hakugusa kabisa habari ya ng'ombe. Alisema baraza la kata lilikuwa na uwezo wa mashauri ya ardhi isiyozidi shilingi milioni 3, na eneo hilo limezidi hapo kwa mbali. Alikuwa sahihi. Uamuzi ukafutwa. Sijapata kuona jambo la kusikitisha kama lile: baraza la jirani lilikufa kwa sababu ardhi ya jirani imekuwa ghali.

Mwaka 2021 sheria ikabadilishwa tena. Sasa baraza la kata haliamui kabisa migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, na likishindwa linatoa cheti kwamba limeshindwa. Siku zake ni 30; zikipita kimya, mlalamikaji anaruhusiwa kuendelea mbele. Nilipoisoma niliona sheria imeirudisha kazi ya Mtani, ileile. Mtani mwenyewe ndiye hakuna namna ya kumrudisha kwa sheria. Wajumbe wa baraza nao ni watu wa hapahapa. Mmoja ana viwanja viwili, mwingine mwanawe ni dalali. Walikaa na pande zote mara mbili, wakatoa cheti.

Kwa hiyo shauri liko Baraza la Wilaya, mbele ya mwenyekiti na wazee wake wa baraza wawili, ambao hawatujui na hawajawahi kuona kisima. Pengine ndivyo inavyotakiwa. Limeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba mjukuu wa mama yule, aliyekuwa akimsindikiza akiwa na sare za shule ya msingi, sasa anavaa za sekondari. Makao makuu ya Mahakama ya Tanzania yalizinduliwa hapa Dodoma Aprili 2025, jengo la fahari kubwa. Sisi tunangoja kwenye benchi la chini zaidi, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi.

Sasa niseme lile ambalo sikulisema mwaka 2019. Mtani alipomaliza kutaja hatua nne na minyaa, mzee wa chini alimuuliza, "Na ng'ombe wakiisha?" Ukame wa miaka ile ulikuwa umeua ng'ombe wengi, kwa hiyo halikuwa swali la mzaha. Mtani akajibu, "Njia ni ya ng'ombe. Wakiisha, ardhi inarudi kwa mwenyewe." Binti alikuwa amesimama na mtungi, akasikia. Amekuwa akilisema neno hilo katika kila baraza alilofika, na kila mara anajibiwa kwamba hakuwa mjumbe, alikuwa mtoto, alikuwa akigawa maji. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwenye kigoda. Nililisikia kama nilivyosikia jina langu.

Wiki iliyopita nilipokea hati ya kuitwa. Shauri litasikilizwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Mimi ni shahidi wa kwanza wa watoto wa mzee wa juu.